Waya usiobeba maneno

Siku nne nzima bodi yangu ya Arduino, kikompyuta cha kuwekea programu ya kuendesha vifaa, ilikaa juu ya meza yangu ya kazi, Barabara ya 12 Ngamiani, Tanga, taa yake moja ikiwaka na nyingine ikipepesa kila sekunde, na kompyuta haioni kitu. Nachomeka, nachomoa, nahamisha tundu, nazima kompyuta na kuiwasha upya. Kimya. Kwenye meza hiyo nimekaa miaka 17 nikifungua redio, feni na simu za watu, na mazoea ya kazi yalinituma kuamini kwamba kitu kinachowaka taa ni kizima, na waya unaokifikishia umeme nao ni mzima. Waya wenyewe ulikuwa wa redio ndogo ya flashi, wenye kichwa cha mini-USB, ulioachwa dukani na mteja pamoja na redio yake.

Siku ya nne niliukata katikati kwa wembe nikaumenya. Zilitoka nyaya mbili tu, nyekundu na nyeusi, nyembamba kama uzi wa kushonea. Waya kamili wa USB wa aina ile una nyaya nne: nyekundu ya volti 5, nyeusi ya hasi, halafu kijani na nyeupe zinazobeba data. Huu wangu ulitengenezwa kwa ajili ya chaji peke yake. Umeme ulikuwa unafika bila shida, ila maneno hayakuwa na pa kupita. Nikachakura kwenye boksi la vikorokoro, nikapata waya wa kamera ya zamani, nikauchomeka, na kompyuta ikatoa ule mlio wake wa kupokea mgeni.

Nimeanza na waya huu kwa sababu karibu kila kilichonisumbua baadaye kilikuwa cha jinsi hiyo. Programu nilizoandika zilikuwa na makosa yake, lakini hayo kompyuta hukuonyesha hadi mstari. Yaliyonila usiku ni makosa ya njiani: kati ya bodi na kompyuta, kati ya bodi na sensa, yaani kidude cha kupimia joto, kati ya bodi na moduli ya simu, kidude cha kutumia meseji. Huku mzima, kule mzima, na hawasikilizani.

Aliyenitia kwenye kazi hii ni mama mdogo, anayekaa Pongwe. Ana kuku wa kienyeji, na ana mashine ya kutotolesha ya plaiwudi aliyotengenezewa na seremala, inayobeba trei tatu, yaani mayai 90. Joto lake linatokana na balbu nne, zile za zamani zenye waya ndani, na kazi ya kuziwasha na kuzizima ilikuwa ya kisahani cha bati kinachovimba kikipata joto na kubonyeza swichi. Kisahani kilipozeeka kikawa hakiaminiki. Mama mdogo akawa anaamka saa nane za usiku, na tena saa kumi, kusoma kipimajoto kwa tochi ya simu.

Nilikwenda siku moja kumjulia hali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe si fundi wewe? Hebu nitazamie hili joto, maana haya mayai yananikesha kama nina mtoto mchanga ndani."

Yai la kuku kwenye mashine yenye feni linataka nyuzi 37.5, siku 21. Likikaa chini kidogo ya hapo, kifaranga huchelewa. Joto likizidi nyuzi tatu nne na kudumu, kifaranga hufia ndani. Vipo vidhibiti joto vilivyotengenezwa tayari, na mtu mwenye haraka akanunue hicho, hatapotea. Mimi nilikuwa nimeshasoma habari za Arduino na hamu imenishika.

Bodi hizo zilianzia Ivrea, mji mdogo wa kaskazini mwa Italia, mwaka 2005, katika chuo cha usanifu. Walimu walitaka kitu rahisi ambacho mwanafunzi asiye mhandisi anaweza kukichezea bila kutumia fedha nyingi. Jina walilichukua kwenye baa moja ya mji ule, na baa nayo ilikuwa imepewa jina la mfalme wa kale. Michoro ya bodi waliiacha wazi kwa yeyote kunakili, na kwa uamuzi huo fundi wa Ngamiani anaweza leo kumudu bodi. Yangu ni nakala ya aina ya Nano, ndogo kuliko boksi la kiberiti. Niliiagiza Kariakoo ikaja kwa basi hadi stendi ya Kange, imeviringishwa kwenye gazeti. Chipu yake ni ATmega328P: kilobaiti 32 za kuhifadhi programu, kilobaiti 2 za kufanyia kazi, mapigo milioni 16 kwa sekunde. Picha moja ya simu haienei humo hata sehemu yake ya hamsini. Kwa kusoma joto na kuwasha taa, nafasi hiyo inatosha na kubaki.

Baada ya waya kulikuja mengine madogo, nayataja haraka. Nakala nyingi zina chipu ya CH340 inayogeuza maneno ya USB kuwa ya siriali, yaani biti moja baada ya nyingine kwenye waya mmoja, na laptopu yangu haikuwa na draiva yake, programu ya kuitambua. Nikaipakua kwa bando la simu, poti ikatokea. Kisha programu ikakataa kupanda, kompyuta inalalamika kwamba haipatani na bodi. Kumbe Nano nyingi za nakala huja na kianzishi cha zamani, kinachopokea programu kwa kasi ya biti 57600 kwa sekunde, na kompyuta ilikuwa inasukuma kwa 115200. Unabadilisha chaguo moja kwenye menyu ya prosesa, basi. Na mpwa wangu anayesoma umeme alipoleta laptopu yake yenye mfumo wa Ubuntu, poti ilionekana lakini ikanyimwa ruhusa, mpaka alipojiingiza kwenye kundi la watumiaji liitwalo dialout, akatoka na kuingia upya.

Usiku ule programu ya kwanza ilipopanda sijausahau. Ni mistari michache tu: washa taa ya pini 13, mmoja wa miguu ya bodi, ngoja milisekunde 1000, zima, ngoja tena. Nikafuta 1000 nikaandika 100, nikapakia. Ile taa iliyokuwa ikipepesa taratibu tangu itoke Kariakoo ikaanza kutetemeka. Redio nimezitengeneza kwa maelfu, lakini redio hufanya alichotaka aliyeiunda. Hapa kitu kilikuwa kinafanya nilichokiandika mimi, dakika ileile. Nikaifanya ipepese mara tatu na kupumzika, mara tatu na kupumzika, hadi adhana ya alfajiri ikanikuta pale.

Kuisikia bodi ikinijibu kwa maandishi kulichukua siku nyingine. Niliiagiza iandike "habari" kila sekunde, nikafungua dirisha la siriali, na yakamwagika maalama ya ajabu, maswali na miraba. Nikadhani chipu imeungua. Mpwa wangu akachungulia begani kwangu.

"Mjomba, umeweka kasi gani?"

"Kasi ya nini?"

"Huko kwenye programu umeandika 9600. Hapo chini ya dirisha je?"

Pale chini paliandikwa 115200. Kwenye siriali ya namna hii hakuna waya wa tatu wa kupigia mapigo. Kila upande unahesabu muda wake kimoyomoyo, na wasipokubaliana mwanzoni, kila mmoja anakata herufi mahali pasipo pake. Ni kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja: mkiwa na mapigo mamoja michi inapishana vizuri, mmoja akiharakisha inagongana hewani. Kwa 9600 zinapita biti 9600 kila sekunde, na kila herufi inakula biti kumi pamoja na ile ya kufungua na ile ya kufunga, kwa hiyo ni herufi 960. Kwa mazungumzo ya mayai ni kasi kubwa sana. Nikabadilisha namba, na "habari" zikashuka moja chini ya nyingine.

Sensa niliyochagua ni DS18B20, ile iliyofungwa ndani ya kibomba cha chuma kisichoshika kutu, yenye nyaya tatu. Kati ya nyuzi 10 chini ya sifuri na 85 juu yake, kosa lake halizidi nusu nyuzi. Nikaiunga: nyekundu kwenye 5V, nyeusi kwenye GND, yaani hasi, njano kwenye pini ya 2. Dirisha likaandika -127.

Joto la -127 halipo Tanga, wala halipo popote duniani. Nikahangaika na programu saa mbili nzima, na programu haikuwa na neno. Ile namba ndiyo ambayo maktaba ya sensa, yaani programu iliyoandikwa tayari ya kuisoma, hutoa ikiita na kukosa mwitikio. Waya wa data wa sensa hii hauna nguvu ya kupanda juu wenyewe. Bodi na sensa zote mbili zinajua kuuvuta chini tu, kwa hiyo lazima uwepo mkono wa kuurudisha juu, nao ni rezista ya kiloomu 4.7 kutoka waya wa data kwenda kwenye 5V. Mistari yake ni njano, zambarau, nyekundu. Rangi hizo nazijua kuliko majina ya majirani. Nikaing'oa moja kwenye redio mbovu, nikaichomeka, na dirisha likasema 29.4. Nikaishika sensa mkononi: 30.1, 31.8, 33. Nikamwita jirani yangu mshona nguo aje naye aishike.

Namba nyingine ya kuiogopa ni 85. Sensa ikiwa ndiyo kwanza imepata umeme na haijapima, kwenye kumbukumbu yake imeandikwa 85 tangu kiwandani. Kupima kwa usahihi wake wote kunaweza kuchukua hadi milisekunde 750. Ukiuliza kabla, au umeme ukiyumba katikati, inakupa 85 bila kuona haya. Nilizijua namba zote mbili, -127 na 85. Niliziandika hata kwenye daftari. Hata hivyo sikuiambia bodi.

Mashine niliifunga Pongwe mwezi wa nne, masika yameshika. Balbu ziliwashwa kwa rilei, swichi inayobonyezwa kwa umeme mdogo, kwa sababu pini ya bodi haifai kutoa zaidi ya miliampea 20 na balbu zinakula umeme wa ukutani. Nyaya za volti 230 nilizifungia kwenye boksi lake la plastiki, mbali na nyaya ndogo, na katika hilo sikubali mzaha wa mtu. Sharti nililoandika lilikuwa fupi: joto likiwa chini ya 37.4, washa, likipita 37.6, zima. Sensa, rezista na bodi nikaziacha kwenye bredibodi, ule ubao mweupe wa matundu, nikaibandika pembeni mwa mashine. Nilisema nitakuja kulehemu nikipata nafasi. Siku nane mashine ilikwenda vizuri, na mama mdogo akawa analala hadi asubuhi. Alinipigia simu kunishukuru.

Siku ya tisa alipiga tena, alfajiri. Alikuwa ameamka kuswali, akapita kuitazama mashine, akafungua mlango, joto likampiga usoni kama la tanuri la mkate. Kipimajoto kilisoma 44. Balbu zote nne zilikuwa zinawaka.

Nilifika saa moja asubuhi. Alikuwa ameshatoa trei zote na kuzitandaza juu ya kitanda cha kamba barazani, na anapitisha tochi yai moja baada ya jingine. Siku ya tisa yai zima ukilimulika unaona mishipa myekundu imesambaa kama mizizi, na katikati doa jeusi linalocheza. Haya mishipa yake ilikuwa imesinyaa, na kwenye mengine imebaki pete ya damu peke yake, imeganda upande mmoja. Alilivunja moja kwenye kisahani. Kichwa, jicho kubwa jeusi, kidole cha bawa. Hakunigombeza. Alisema, "Tazama, lilishakuwa na jicho," akakifunika kisahani kwa kingine.

Bredibodi ilikuwa na jibu. Mguu wa waya wa njano, ule wa data, nilipouchomoa na kuutazama kwa kioo cha kukuzia ulikuwa na ukoga wa kijani. Ndani ya mashine kuna sinia za maji, kwa sababu mayai yanataka unyevu, na mvuke ulikuwa ukitokea kwenye tundu la hewa na kupita juu ya ubao wangu mchana na usiku, tena masika. Ukijani ule nauona kila wiki kwenye simu za wavuvi wa Sahare; sikutegemea kuukuta kwenye kazi yangu mwenyewe baada ya siku nane. Waya ulipopoteza mguso, sensa ikanyamaza. Maktaba ikatoa -127. Bodi ikasoma namba iliyo chini ya 37.4, ikafanya nilichoiagiza: ikawasha balbu, na kwa kuwa namba haikupanda, haikuzizima.

Mayai yale niliyalipa. Kupata trei tatu za mayai ya kienyeji yenye mbegu si kazi ya siku moja. Nilizunguka kwa wafugaji wa Pongwe hadi Maweni, matano hapa, kumi kule, na kwa bahati mbaya yai la kutotolesha haliwekwi zaidi ya wiki moja likabaki na nguvu yake. Katika kuzunguka huko ndipo nilipoifikiria upya mashine, na nikaona kwamba nilikuwa nimeipa bodi amri bila kuipa namna ya kutilia shaka inachosikia.

Nikaanza na waya. Kila kiungo nikakilehemu kwenye kipande cha bodi ya matundu ya shaba, nikakipaka vanishi, nikakifungia ndani ya boksi lililo chini ya mashine, mbali na mvuke. Bredibodi ni ya mezani, ya kujaribia. Kitu kitakachokaa na mayai au maji kilehemiwe. Kisha nikaongeza sensa ya pili kwenye waya uleule. Hili ndilo linalonifanya niipende DS18B20: kila moja ina namba yake ya biti 64 iliyotiwa kiwandani, kwa hiyo kumi zinaweza kukaa kwenye waya mmoja wa data, na bodi ikaita kila moja kwa namba yake. Sasa bodi inalinganisha mbili. Zikitofautiana zaidi ya nyuzi moja, kengele. Ikisikia chochote chini ya 10 au juu ya 45, haichukulii kwamba hilo ni joto. Inachukulia kwamba ni habari ya waya, inazima balbu na kupiga kengele. Nilichagua kuzima kwa sababu yai huvumilia kupoa saa moja au mbili, joto la kupita kiasi halivumilii. Na kile kisahani cha bati cha zamani sikukitupa. Nilikiunga kwenye njia ya umeme wa balbu, nikakirekebisha kikate karibu na 39. Hakijui siriali wala namba, na hata bodi nzima ikichanganyikiwa, kitakata.

Kuna jingine nililiona wakati wa kujaribu: moduli nyingi za rilei huwasha pini ikiwa chini na kuzima pini ikiwa juu, kinyume cha unavyotegemea. Usipoipandisha pini kabla ya kuitangaza kuwa ya kutoa, rilei hugonga mara moja kila bodi inapoamka. Kwa balbu si kitu. Kwa pampu au mota ni kitu.

Kundi lililofuata lilitoa vifaranga 71. Nilikuwepo siku ya 21, nikasikia milio ndani ya maganda kabla halijapasuka hata moja.

Kioo cha kuonyesha joto nilikiweka baadaye, kile cha herufi 16 mistari miwili, chenye moduli ndogo mgongoni inayotumia nyaya mbili tu za data, A4 na A5 kwenye Nano. Kiliwaka buluu bila herufi. Anwani ya moduli hizo huwa 0x27 au 0x3F, unapakia programu ndogo inayopiga hodi kwenye anwani zote na kukuambia nani ameitika. Yangu iliitika 0x27, sawasawa na nilivyoandika. Tatizo lilikuwa skrubu ya weusi wa herufi, ile ya buluu nyuma. Robo mzunguko, herufi zikaonekana. Nusu siku ilikwenda hapo.

Kazi niliyoionea raha kuliko zote ni ya moduli ya simu. Umeme wa Pongwe ukikatika usiku, mama mdogo hana habari hadi aamke, na mashine inapoa. Akiambiwa mapema anaifunika kwa mablanketi na kuweka chupa za maji ya moto ndani. Nikanunua SIM800L, kijimoduli cha ukubwa wa stempu kinachoingia laini ya simu na kutumia mtandao wa 2G, uleule wa simu za kitochi. Kinaongea kwa siriali, kwa amri za AT, ambazo zimetokana na modemu za Hayes za Marekani za mwaka 1981, vifaa vya kuunganisha kompyuta na laini ya simu. Unaandika AT, ambayo maana yake ni kumwita mtu asikilize. Akiwepo anajibu OK. Hayo ndiyo maamkizi yote.

Niliandika AT. Hakuna jibu.

Nilikuwa nimeunga TX kwa TX na RX kwa RX, kwa kufuata majina. TX ni mdomo, RX ni sikio. Mdomo wa huyu uende kwenye sikio la yule. Nikapishanisha, na kwenye sikio la moduli nikatia rezista mbili za kupunguza volti, kwa sababu bodi inasema kwa volti 5 na moduli haikuzoea sauti hiyo. AT. Hakuna jibu.

Nikatazama taa yake: inapepesa mara saba nane, inazima, inaanza upya. Moduli hii inataka volti kati ya 3.4 na 4.4, na inapotafuta mnara inavuta ampea 2 kwa kishindo, kwa muda mfupi sana ambao mita yangu haiuoni. Umeme ule wa bodi haukuweza kuibeba, ikawa inazimia kila inapofungua mdomo. Nikaipa betri moja ya lithiamu niliyoitoa kwenye betri kuukuu ya laptopu, ambayo ikijaa ina volti 4.2, na pembeni yake kapasita kubwa ya maikrofaradi 1000 ya kuweka akiba ya umeme. Taa ikatulia, ikawa inapepesa mara moja kila sekunde tatu. Imepata mtandao. AT. Hakuna jibu.

Hapo nikakumbuka kwamba sasa ina betri yake, bodi ina umeme wake, na nyaya zinazokwenda kati yao ni mbili tu, ya mdomo na ya sikio. Hasi hazikukutana. Volti ni tofauti kati ya hapa na pale. Kama hawana sakafu moja ya kusimamia, huyu akisema "juu" yule hajui juu ya nini. Nikaunga GND kwa GND. AT. Hakuna jibu bado, na muda huo ilikuwa saa tano za usiku na Barabara ya 12 imenyamaza, ila muuza kahawa anagonga vikombe vyake kule mwisho.

Nililala na hilo swali. Asubuhi nilifungua dirisha la siriali na kuona pale chini, karibu na mahali pa kuchagulia kasi, pana chaguo la jinsi ya kumaliza mstari, na langu lilisema bila kumaliza. Nilikuwa natuma A na T, na moduli inazipokea, inaziweka, inaningoja niseme neno langu limekwisha. Alama ya kumaliza mstari ni herufi ya 13 kwenye orodha ya herufi za kompyuta, haionekani kwa macho. Usiku kucha moduli ilikuwa kimya kwa adabu, mimi nikidhani haipo. Nikachagua mstari umalizwe, nikaandika tena.

AT

OK

Nilinyanyuka kitini.

Yaliyobaki yalikwenda kwa siku mbili. AT+CMGF=1 kuiweka kwenye meseji za maandishi, AT+CMGS na namba ya mama mdogo, maneno, kisha herufi ya 26 ya orodha ileile kufunga. Bodi niliihamishia kwenye betri ileile kupitia moduli ndogo inayopandisha volti hadi 5, na chaja ya simu iliyochomekwa ukutani ikawa ndiyo shahidi wa umeme: pini moja inaitazama, ikishuka, umeme umekatika.

Nilikwenda Pongwe Jumamosi jioni kuifunga, na laptopu nimeiunga ili niyaone mazungumzo. Mama mdogo alikuwa jikoni uani, sikumwambia ninajaribu saa ngapi. Nikachomoa plagi ukutani. Balbu zikazima, feni ikapungua ikasimama. Baada ya sekunde kama sita nikasikia simu yake inalia huko uani, mlio wa meseji. Kimya kidogo. Kisha kwenye laptopu ukatokea mstari ambao sikuuandika mimi wala bodi: +CMTI: "SM",1. Meseji imeingia kwenye laini ya mashine. Nikaandika AT+CMGR=1 kuisoma. Ilikuwa namba yake, na chini yake: NIMEONA. NAKUJA NA MABLANKETI.

Nilipogeuka alikuwa ameshafika mlangoni, mablanketi mawili begani, mkono mmoja bado una unga.